Kabla ya Kununua Seti ya Vyombo: Maneno kwa Kamati ya Kicheni Pati, Mbagala

Ndugu Mwenyekiti wa kikundi, ndugu Katibu, mweka hazina wetu, mama zangu na dada zangu, na ninyi vijana wawili wa kiume mliosimama mlangoni kana kwamba mmekosea nyumba: shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za jioni.

Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumzie vyombo vya jikoni, kwa sababu michango ya kicheni pati ya binti yetu imekwisha kukusanywa na Jumamosi kamati inakwenda Kariakoo. Nashukuru kwamba safari hii nimeitwa kabla ya manunuzi. Nilifundisha sayansikimu kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimehudhuria kicheni pati nyingi kuliko misiba, jambo ambalo kwa umri wangu ni neema. Lakini karibu kila mara nimeitwa vyombo vikiwa vimekwisha kununuliwa, ili nimweleze bibi harusi jinsi ya kuvitunza, nikajikuta natoa nasaha juu ya vitu ambavyo havikustahili hata kubebwa kwenye bajaji.

Nitawapa mfano mmoja, nao ni wa nyumbani kwangu. Mpwa wangu alipoolewa tulikaa mkekani usiku ule tukahesabu zawadi zake: hotpoti saba, seti nne za vikombe, blenda mbili, masinia ya kila rangi, na seti ya sufuria zilizoingia moja ndani ya nyingine, kuanzia ya kumwogeshea mtoto hadi ya kuchemshia yai moja. Seti hiyo niliinunua mimi, na nilisifiwa sana. Siku ya tatu baada ya harusi mpwa wangu akaja mbio kuazima kisu. Katika watu wote wale hakuna aliyeleta kisu, wala mbuzi ya kukunia nazi, wala chujio, wala kibao cha kukatia. Mwezi haujaisha akaja tena, safari hii amebeba sufuria yangu ya sifa mkononi: kitako kimevimba katikati kama tumbo la kitumbua, ukiiweka mezani inazunguka yenyewe, na ndani imebaki pete nyeusi ambayo steelwire ya wiki nzima haikuitoa. Sikuwa na la kumwambia. Bei ilikuwa nzuri kwa sababu alumini ilikuwa nyembamba, na mimi, mwalimu wa somo lenyewe, nilinunua idadi.

Tangu siku ile sinunui chombo kabla ya kuuliza mambo mawili: nyumba hii itapika nini katika wiki ya kawaida, na itapikia moto gani. Nimemuuliza binti yetu. Amejibu kwamba watapika wali au ugali, maharage, samaki wa nazi, mchicha au tembele, chapati Jumapili, na chai kila asubuhi. Hajataja keki, hajataja kuku wa kuoka, na mchumba wake amesema supu ataendelea kunywa kwa mama yake. Kuhusu moto, wamekodi vyumba viwili, hawana uwanja wa kuwekea jiko la mkaa, na wameanza na mtungi wa gesi wa kilo 6 ule ambao jiko lake linafungwa juu ya mtungi wenyewe. Kwa hiyo orodha yetu nzima inapaswa kutoka katika majibu hayo.

Jambo la moto nalitilia mkazo kwa sababu wengi wetu hapa tulijifunza kupika kwenye mkaa, na sasa tunahamia kwenye gesi na umeme. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Mabadiliko hayo yanasemwa sana kwa upande wa jiko na mtungi, lakini sufuria tunahamisha zile zile tulizozoea, ilhali moto mpya una tabia nyingine. Kwenye mkaa joto linatandaa chini ya kitako chote, na wali ukikaukia unapunguza makaa chini, unapalia machache juu ya mfuniko, unakwenda zako kukata kachumbari. Kwenye gesi hakuna cha kupalia, na moto unatoka kwenye duara dogo la katikati. Sufuria nyembamba hupokea joto lile mahali pale pale linapogusa, ndipo wali unapoungua katikati huku pembeni ukiwa bado na kiini. Sufuria nzito huchukua joto polepole, ikalisambaza kitako kizima, na mfuniko uliokaa sawasawa hubakiza mvuke ndani, mvuke ambao sasa unafanya ile kazi ya makaa ya juu.

Kwa hiyo, badala ya sufuria kumi nyembamba, naomba tumnunulie tatu nzito. Moja ya lita 5 hivi, inayopika kilo moja ya mchele bila kufurika. Moja ya lita 2 au 3 ya mboga na maharage. Na moja ndogo ya chai na maziwa. Nyumba ya watu wawili haihitaji zaidi, na siku wakipata wageni wataazima kama sisi sote tunavyoazima.

Mkiwa dukani msiitazame kwa kung'aa. Nyanyueni sufuria kwa mkono mmoja mpime uzito wake dhidi ya nyingine yenye ukubwa sawa. Bonyezeni kitako kwa dole gumba kwa nguvu, na kama kinaingia na kutoka kama bati la paa, irudisheni. Iwekeni juu ya kaunta ya kioo muisukume kidogo pembeni, na kama inacheza ikiwa mpya, itacheza zaidi ikishaungua. Kisha wekeni mfuniko mkauzungushe: uzunguke bila kukwama na bila kuacha mwanya unaoweza kupitisha kijiti cha kibiriti. Muuzaji atawaona wasumbufu. Vumilieni.

Kuhusu ugali nina neno la peke yake. Sufuria zetu za kawaida hazina mikono, na kwenye jiko la mkaa lililokaa chini hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mama alikaa kwenye kigoda akaibana sufuria vizuri huku anasonga. Lakini jaribuni kusonga ugali wa watu wanne juu ya jiko lililofungwa kwenye mtungi, mkono mmoja una mwiko na mwingine una kitambaa, sufuria inateleza na mtungi wenyewe unayumba. Nimeona uji wa moto ukimwagikia mguu wa mtu kwa njia hiyo. Sufuria ya ugali iwe na mikono miwili iliyofungwa kwa ribiti za chuma, na kama fedha za kamati zitaruhusu, binti apate jiko la mezani la plati mbili, mtungi ukae chini pembeni. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni, mtungi usiwekwe kwenye kona isiyopitisha hewa, hata kama kona hiyo ndiyo inayopendeza.

Najua pia kuna wanaopenda sufuria za kusubu, zile nzito za rangi ya kijivu zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Uzito wake unanifurahisha, lakini chakavu chake hakijulikani kilitoka wapi, na watafiti waliopima sufuria za aina hiyo katika nchi mbalimbali wamekuta baadhi zinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Nyumba inayotarajia watoto, mimi sitaipelekea. Na hata alumini ya kiwandani haipendi kulazwa na chakula chenye ukwaju, ndimu au nyanya nyingi. Mchuzi ukiiva, uhamishieni kwenye bakuli.

Sasa nije kwenye kisu, ambacho ndicho kilichonileta hapa. Katika nyumba nyingi ninazotembelea nakuta visu sita vya mpini wa plastiki, na vyote sita haviwezi kukata nyanya bila kuiponda. Mpishi anajua hilo, ndiyo maana anakata vitunguu hewani, ameshikilia kitunguu kwenye kiganja, kisu kinamjia mwilini. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinahitaji nguvu, na chombo kinachosukumwa kwa nguvu kikiteleza hakichagui pa kuishia. Mnunulieni kisu kimoja cha kweli, chenye ubapa wa sentimita 15 hadi 20, ambacho chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, na mpini umeshikwa kwa ribiti zinazoonekana. Mwongezeeni kidogo kimoja cha kumenyea. Basi.

Pamoja na kisu, kinoo. Binti asisubiri fundi wa kunoa anayepita mtaani na baiskeli, ingawa akipita amtumie. Jiwe la kunolea lilowekwe maji, kisu kilazwe karibu na kulala kabisa, kiinuliwe mgongo kidogo tu, kisha kivutwe toka kitako hadi ncha kama mtu anayetaka kukata utando mwembamba juu ya jiwe, mara nane upande huu, mara nane upande ule. Kama kinoo hakipo, geuzeni kikombe cha udongo: ile duara ya chini isiyopakwa rangi ni jiwe tosha kwa leo. Nimebeba kisu changu na kikombe, na baada ya kikao anayetaka aje ajaribu kwenye nyanya.

Kibao cha kukatia viwe viwili, nao ni ununuzi wa dakika moja: kimoja cha samaki na nyama mbichi, kingine cha kachumbari, matunda na mkate. Viwe na rangi tofauti ili hata mume asikosee.

Kuna kazi nyingine ambazo Dar es Salaam inazifanya kwa bei ndogo, na chombo chake si lazima kiwemo ndani. Ukinunua samaki Feri, waparaji wako pale pale, wanaparua magamba na kutoa matumbo wakati unatafuta chenji; ya nini basi kumnunulia binti kiparuzi? Kisamvu kinauzwa kimekwisha kutwangwa, kwa hiyo kinu kikubwa kinaweza kusubiri, kibaki kile kidogo cha mbao cha kutwangia vitunguu swaumu, tangawizi na pilipili. Wapo mtakaosema kwamba kwa mantiki hiyo hata mbuzi haihitajiki, kwa sababu sokoni kuna mashine za kukuna nazi. Hapo nakataa, na mniruhusu nikatae kwa kirefu.

Nazi iliyokunwa na mashine asubuhi, kwa joto la mji huu, ikifika jioni imeanza kuchacha, na mpishi anayerudi kutoka kazini saa kumi na mbili hana mashine karibu. Mbuzi haili umeme, haikatiki, na ulimi wake ukipoteza makali unapigwa tupa ukarudi. Lakini zaidi ya hayo, mbuzi inampa mpishi uamuzi. Ukikaa juu yake, ukaanza kukuna kutoka ukingoni ukizungusha kifuu kwa viganja vyote viwili, unasikia mlio wa ulimi ukibadilika kadiri nyama ya nazi inavyopungua. Mwanzo unakuna kwa sauti nzito na laini, nazi inaanguka nyeupe na ndefu, halafu mlio unaanza kukwaruza, na hapo ndipo mkono unaojua unasimama, kabla ile ngozi ya kahawia haijachanganyika na kulitia tui rangi ya vumbi na uchungu kidogo. Sijaona mashine sokoni ikisikiliza hivyo. Wakati wa kununua, kaeni juu ya mbuzi pale pale dukani, bila haya. Mbao zisilie, miguu isitambae, na ulimi uwe umekazwa kwa misumari isiyopungua miwili. Meno yake yawe yamekatwa sawasawa, yasiwe yamechongwa kwa haraka pande moja marefu pande nyingine mafupi.

Mbuzi haitembei bila kifumbu au chujio. Kifumbu cha ukindu kinakamua vizuri, lakini kikikaa na unyevu kinaota ukungu, na vyumba viwili vya kukodi havina jua la kutosha la kukianikia. Kwa nyumba hii napendekeza chujio la waya lenye matundu madogo na kitambaa safi cha pamba cha kukamulia, kinachofuliwa na kukaushwa kila mara. Chujio hilo lisitumike kwa chai. La chai ni lake, dogo, na bei yake haifiki hata kujadiliwa.

Mwiko mmoja wa mbao ngumu kwa ajili ya ugali, upawa mmoja, kijiko kirefu cha kukorogea mboga, ungo, beseni la kuoshea mchele, na ndoo yenye mfuniko kwa siku ambazo maji hayatoki. Hivyo havina mjadala, isipokuwa mwiko: upigwe msasa, upakwe mafuta ya nazi, ulazwe usiku kucha kabla ya kutumika, ndipo usipasuke.

Kwa chapati, kikaango kizito cha chuma, kibao cha kusukumia na kifimbo chake. Vikaango vya rangi visivyoshika vinavutia, nami sina ugomvi navyo kwa mayai. Ila utando wake hauvumilii moto mkali unaowashwa chini ya kikaango kitupu, nao ndio moto tunaouwashia chapati, wala hauvumilii kijiko cha chuma wala steelwire. Ukianza kuchubuka, safari yake imekwisha. Kikaango cha chuma kikipakwa mafuta na kuchomwa vizuri mwanzoni, kisha kikafutwa na kukaushwa kila baada ya kazi, kitamkuta binti akiwa bibi.

Chungu cha samaki nakipenda, mnajua. Lakini chungu cha kitako cha mviringo hakisimami vizuri kwenye vyuma vya jiko la gesi, na moto wa ghafla unakipasua. Akipewa, kiwe cha kitako bapa, kilowekwe maji kwanza, kisha kichemshiwe uji mwepesi ili wanga uzibe vitundu, na kipikiwe kwa moto mdogo tu. Kama hakuna wa kumfundisha hayo, tusimpe.

Chombo kimoja ambacho zamani nilikiona cha anasa, na leo nakiweka karibu kabisa na kisu, ni presha kuka. Ndani yake maji huchemka kufikia nyuzijoto kama 120 badala ya 100, kwa hiyo maharage yaliyolowekwa usiku, ambayo kwenye sufuria yanaweza kula saa moja na nusu ya gesi, yanaiva kwa nusu saa au pungufu. Kwa watu wa mtungi wa kilo 6, tofauti hiyo inaonekana kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi wanaiogopa, na woga huo una maana ikiwa haijafundishwa: maharage yasizidi nusu ya chombo kwa sababu yana povu, kitundu cha mvuke kikaguliwe kila mara kwa kukitazama kwenye mwanga, na mfuniko usiguswe mpaka mvuke wote utoke. Mkinunua, ulizeni kama dukani wanauza pia ule mpira wa mfuniko. Kama hawauzi, nendeni duka jingine, maana mpira ukiisha chombo kizima kinageuka kuwa cha kuwekea unga.

Swali hilo hilo la vipuri liulizwe kwa blenda. Sisemi blenda ni mbaya. Juisi ya ukwaju na nyanya za kusaga ni haki ya kila mtu. Nasema iwe moja, ije baada ya kisu, na jagi lake liweze kununuliwa peke yake likivunjika. Hotpoti iwe moja pia. Ni ya kutunza chakula cha moto kutoka jikoni hadi mezani, na haikuumbwa kuuweka wali hadi asubuhi, kwani joto likishashuka ndani yake wali unakaa katika uvuguvugu, na uvuguvugu ndio unaouharibu.

Dada mmoja amenong'ona kwamba kisu na mbuzi havipendezi kubebwa kwa ngoma. Ni kweli, seti ya vikombe inang'aa zaidi kwenye picha. Lakini nimewahi kuona mbuzi iliyofungwa kanga mpya na utepe, ikachezewa mpaka bi harusi akacheka hadi machozi, na hotpoti siku ile hazikutazamwa. Fungeni vizuri tu.

Jumamosi naomba msiende zaidi ya watu watatu, maana mkiwa wengi mnanunua kwa kushangiliana. Nendeni asubuhi, mzunguke maduka ya vyombo bila kutoa fedha, muandike bei, mnywe chai, ndipo mrudi kununua. Na msikubali kushawishiwa na maneno ya "seti kamili", kwa sababu mwenye duka hajui binti yetu anapika nini.

Katibu, nimeona umekwisha kuandaa ukurasa kwenye daftari. Mstari wa kwanza andika kisu na kinoo, kutoka kwangu. Mbuzi na chujio Mama Mwenyekiti amenikonyeza kwamba ni vyake. Sufuria ya lita 5 bado haina mwenyewe, na hao vijana wawili wa mlangoni, kwa kuwa wamesikiliza hadi mwisho na ni rafiki za bwana harusi, waandikie presha kuka.